Kolembola, Isopodi au Nyungunyungu: Kuchagua Wasafishaji wa Tangi la Vyura Unguja na Pemba

Tangi la kioo lililotiwa udongo, majani makavu na mimea hai kwa ajili ya vyura halisafishwi kwa kitambaa. Chura hukojoa na kunya humo humo, nyenje aliyekufa bila kuliwa huoza pembeni, jani huanguka na kuota kuvu, na yote hayo hutokea katika hewa yenye unyevu usiokauka. Mkojo wa chura wa nchi kavu, kwa jamii nyingi, una urea. Bakteria huivunja urea ikawa amonia, na kwa kuwa ngozi ya chura hupitisha maji pamoja na vilivyoyeyuka ndani yake, amonia inayolimbikizana kwenye udongo humrudia mwenyewe mwilini. Kwa sababu hiyo wafugaji huweka kwenye udongo viumbe vidogo visivyo na uti wa mgongo, ambavyo hula kinyesi, mizoga na kuvu kabla uozo haujashika, na kuacha mabaki laini yanayomalizwa na bakteria na kunyonywa na mizizi. Wasafishaji hao wako wa aina nyingi, na si kila aina inafaa kukaa na chura, wala si kila aina inayomfaa chura inafaa kuishi katika joto letu.

Maelekezo mengi yanayosomwa na wafugaji wa kwetu, pamoja na walimu wa skuli wanaotaka tangi la vyura darasani, yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ambao vyumba vyao hukaa kwenye nyuzi 20 hadi 22 za Selsiasi. Kwetu, wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku hubaki karibu na 25, na tangi lililofunikwa huwa na joto zaidi ya chumba lilimo. Anayefuata maelekezo hayo neno kwa neno huishia kutafuta viumbe vya baridi, kuvipata kwa shida, na kuviona vikifa mwezi wa Februari huku viumbe vinavyofaa zaidi vikiishi chini ya gogo la mgomba nyuma ya nyumba yake. Katika ulinganisho huu nimeweka mbele mambo matatu: uwezo wa kuhimili joto la visiwani, ukubwa wa chura atakayeishi nao, na athari kwa kisiwa iwapo kiumbe kitatoroka.

Jambo hili la tatu halisemwi sana katika maelekezo ya nje, lakini Zanzibar ina sababu ya kulitanguliza. Kunguru wa India aliletwa Unguja katika muongo wa 1890 kwa kazi ya usafi hasa, ili ale taka za mjini. Leo ametapakaa kisiwani, anakula mayai na makinda ya ndege wa asili, na jitihada za kumpunguza zimegharimu fedha na miaka mingi. Tangi dogo la kioo lina wasafishaji wadogo zaidi, lakini kisiwa ni kile kile, na udongo wa tangi mwisho wake humwagwa shambani.

Kolembola wa kununua na kolembola wa kwetu

Kolembola ni viumbe vya miguu sita, wengi wao wakiwa na urefu wa milimita 1 hadi 3, wanaoishi kwa makumi ya maelfu katika mita moja ya mraba ya udongo wenye majani. Aliyewahi kugeuza gogo la mgomba lililooza amewaona wakirukaruka: wengi wao wana mkia uliokunjwa chini ya tumbo na kuzuiliwa na kishikizo, na ukiachiliwa hupiga chini na kumrusha mwenyewe mbali na adui. Chakula chao ni kuvu, bakteria na vitu laini vilivyoanza kuoza. Hawana meno ya kumdhuru chura, hawali mizizi mizima kwa kiasi cha kuudhoofisha mmea, na chura anapowala hapati madhara yoyote. Kwa vyura vitoto vilivyotoka tu majini, ambavyo kwa jamii ndogo za matete havizidi sentimita moja na nusu, kolembola ni karibu chakula pekee kinachoingia mdomoni. Vyura wa Kihansi wa Tanzania bara, ambao hawafiki sentimita 3 hata wakiwa wakubwa, walipopelekwa Marekani mwaka 2000 ili kuokolewa, kolembola walikuwa miongoni mwa vyakula vyao, sambamba na nzi wa matunda na nyenje wachanga. Msafishaji ambaye pia ni lishe hana mpinzani kwa chura mdogo.

Tofauti iko baina ya kolembola wa kununua na wa kuokota. Aina inayouzwa na kusifiwa zaidi nje ni Folsomia candida, mweupe, asiye na macho, ambaye majike wake huzaa bila madume, hivyo mmoja anatosha kuanzisha kizazi. Aina hii inajulikana vizuri kwa sababu maabara huitumia kupima sumu katika udongo, na vipimo hivyo hufanywa kwa nyuzi 20. Mayai yake huanguliwa vizuri zaidi karibu na nyuzi 21, na joto linapofika 28 uanguaji huporomoka. Maana yake kwa Unguja ni kwamba kundi la Folsomia linaweza kustawi wakati wa kipupwe, mwezi wa Juni na Julai, katika chumba chenye hewa, kisha likazeeka na kutoweka kaskazi inapoingia, kwa kuwa wakubwa wanaishi lakini hawaachi warithi. Mwenye chumba chenye kiyoyozi mchana na usiku anaweza kuifuga. Kwa wengine wote siipendekezi, hata ikipatikana bure.

Kolembola wa kwetu hawana jina la biashara, na mara nyingi katika kiganja kimoja cha majani huwemo aina kadhaa: wa kijivu wenye magamba, weupe warefu wenye vipapasio virefu, na mviringo wadogo mno. Wote wamezaliwa katika joto hili. Aina zikichanganyika kundi huwa imara zaidi, kwa sababu moja hupenda juu ya majani na nyingine hukaa chini ya udongo, na hali ikiwa mbaya kwa moja huenda isiwe mbaya kwa nyingine. Kasoro yao ni kwamba huja na wageni: utitiri wawindaji, tandu wachanga, mayai ya sisimizi, na pengine vimelea vya vyura wa porini.

Kwa hiyo namna ya kuwapata ina uzito kuliko mahali wanapopatikana. Njia ninayoiamini ni ya faneli. Chupa kubwa ya plastiki hukatwa, sehemu ya juu ikapinduliwa na kuwekwa wavu wa kahawa au kipande cha chandarua, kisha ikajazwa majani yaliyooza kutoka ua wa nyumba au shambani, na juu yake ikawashwa taa. Majani yanapokauka kutoka juu, viumbe hukimbilia chini gizani na kudondokea kwenye kopo lenye vipande vya makaa vilivyoloweshwa. Kwa njia hii udongo wenyewe hauingii. Baada ya siku mbili au tatu maji humiminwa kwenye kopo. Kolembola huelea juu kwa sababu mwili wao hausharabu maji, nao huhamishiwa kopo jipya la makaa kwa kumimina taratibu, na tandu na wazito wengine hubaki chini. Kopo hilo hulishwa chembe za hamira au punje chache za mchele na kuachwa mwezi mzima likitazamwa. Utitiri wanaokimbia kwa kasi juu ya makaa na idadi ya kolembola ikapungua badala ya kuongezeka ni dalili kwamba kopo lina wawindaji, na kopo la namna hiyo halifai kuingizwa tangini.

Kuhusu vimelea, hofu kubwa ni kuvu ya Batrachochytrium dendrobatidis, iliyopewa jina mwaka 1999, ambayo imeangamiza vyura katika mabara kadhaa na iligunduliwa kwa vyura wa Kihansi wenyewe mwaka 2003 walipokuwa wakipungua porini. Kuvu hii hupenda ubaridi wa nyuzi 17 hadi 25, hufa ikikaushwa, na hufa ikikaa saa nne katika nyuzi 37. Kwa majani ya kutandika tangini, yaliyookotwa mahali pakavu na kuanikwa juani kwa siku nzima ni salama zaidi kuliko majani yaliyochotwa ukingoni mwa dimbwi. Jozani na Ngezi ni hifadhi na si mahali pa kuokota chochote. Wala hakuna haja, kwa kuwa chini ya mwembe wa nyumbani viumbe hawa wapo tele.

Upungufu wa kolembola ni mmoja na ni wa maumbile yao: ni wadogo. Hawawezi kulikata jani gumu la mfenesi, wala kumaliza kinyesi cha chura mkubwa kabla hakijaota kuvu nzito. Tangi la vyura wadogo wawili au watatu linaweza kusimama juu yao peke yao. Chura anayezidi sentimita 4 anahitaji wasaidizi wenye taya.

Isopodi

Isopodi wa nchi kavu ni ndugu wa kaa na kamba, si wadudu, na hili ndilo linaloeleza mahitaji yao yote. Wana jozi saba za miguu, hupumua kwa viungo vilivyo chini ya tumbo ambavyo havina budi kubaki na unyevu, na jike hubeba mayai katika mfuko wa maji kifuani mpaka vitoto vinapotoka vikiwa na umbo kama la mama yao, ila bila jozi ya saba ya miguu, ambayo huota baadaye. Hujivua gamba kwa nusu mbili, nyuma kwanza na mbele baadaye, na gamba jipya linahitaji kalisi. Kwa jambo hili kisiwa chetu kimewapendelea: kipande cha jiwe la matumbawe, ganda la yai lililosagwa, au mfupa mweupe wa ngisi uliookotwa pwani na kuoshwa chumvi yote, vinatosha. Anayetumia udongo mwekundu wa kinongo, uliokaa juu ya mwamba wa chokaa, tayari ameanza vizuri. Anayetumia mchanga mtupu au usumba mtupu lazima aongeze kalisi mwenyewe.

Baina ya isopodi wenyewe tofauti ni kubwa kiasi kwamba kusema "weka isopodi" bila kutaja aina ni kumpotosha mfugaji.

Aina inayosifiwa kwa matangi ya unyevu ni Trichorhina tomentosa, mweupe, asiyezidi milimita 5, anayetokana na Amerika ya joto na aliyesambaa duniani kupitia udongo wa mimea ya vyungu. Naye ni jike anayezaa bila dume. Hukaa chini ya udongo muda mwingi, hivyo huchambua tabaka ambalo wengine hawalifikii, hapendi kupanda juu ya mwili wa chura, na akiliwa hana gamba gumu. Joto la nyuzi 26 hadi 28 linamfaa, na hata zaidi kidogo hulivumilia mradi udongo usikauke. Kwa sifa za tangini peke yake ningemweka wa kwanza. Kinachonizuia kumpendekeza kwa kila mtu ni sifa ile ile inayomfanya afae: anapenda joto na unyevu, anazaa peke yake, na jike mmoja aliyeng'ang'ania mzizi wa mmea uliotupwa anaweza kuanza kizazi shambani. Mwenye kumpata kwa mfugaji aliyeko hapa hapa visiwani, ambaye tayari anaye, anaweza kumtumia kwa uangalifu. Kumwagiza kutoka nje kwa ajili ya tangi moja la vyura si jambo la busara, na mzigo wa viumbe hai usio na kibali cha mamlaka husika hauna uhalali.

Porcellionides pruinosus ni wa tabia nyingine. Ana rangi ya kijivu iliyofunikwa na unga wa bluu, hufika karibu milimita 12, ana mbio, na kwa kufuatana na watu amesambaa karibu kila nchi ya joto, kwenye lundo la samadi na majani ya bustani. Huhimili joto vizuri na huhimili pia udongo unaokauka nusu, na huzaana haraka kuliko wengi. Katika tangi la unyevu wa kudumu, hata hivyo, hastawi kama anavyostawi penye sehemu kavu. Hukusanyika kwenye kuta na chini ya kifuniko akitafuta hewa. Anahitaji pia protini zaidi ya Trichorhina, na akikosa hutafuna mimea laini. Kwa vyura wakubwa wa nyumbani, wale Sclerophrys gutturalis wanaokaa chini ya taa za barazani wakisubiri wadudu, na ambao tangi lao halitakiwi kulowa kila pahali, yeye ndiye anayefaa zaidi: ana kasi ya kutosha kuponyoka, na chura akimla amepata mlo wenye kalisi. Kwa vyura wadogo wa matete simuweki.

Aina kubwa za Ulaya, Porcellio scaber anayefika kiasi cha milimita 17 na Porcellio laevis anayemzidi, zinafaa kutajwa ili kuachwa. Zina uchu wa protini, na wafugaji wa nje wameeleza mara nyingi kuziona zikitafuna ngozi ya mnyama aliyelala au aliye dhaifu. Chura aliyejichimbia kwa siku kadhaa, akiwa na ngozi laini na asiyejitikisa, ndiye mwathirika wa wazi kabisa. Tena P. scaber ni wa nchi za baridi, na unyevu uliofungiwa pamoja na joto la kaskazi humuua. Armadillidium vulgare, anayejiviringa kuwa kidonge, hana uchu huo kwa kiwango hicho, lakini anapenda pakavu kuliko tangi la vyura linavyoruhusu, na gamba lake gumu si la kulisha chura mdogo. Aina za Cubaris za mapango ya chokaa ya Asia zinauzwa ghali kwa sababu ya sura zao. Huzaana polepole, na msafishaji anayezaana polepole katika tangi la chura anayemla ni fedha iliyotupwa.

Linabaki chaguo ambalo maelekezo ya nje hayawezi kulitaja, yaani isopodi wadogo wa kwetu wanaokaa chini ya mawe yenye unyevu na vyungu vya maua. Nawapendelea. Kigezo cha kuwachagua ni rahisi: wasiozidi milimita 6 au 7, wanaokwenda polepole, na wanaozama kwenye udongo badala ya kupanda kuta. Wafugwe kwanza kwenye kopo lao kwa miezi miwili, wapewe kipande cha boga na chembe za dagaa mkavu, na itazamwe kama wanaukimbilia dagaa kwa fujo. Wanaoufunika dagaa wote kwa saa moja wana njaa ya protini na hawafai kukaa na chura. Wanaorudi kwenye jani lililooza ndio wa kuchukua.

Nyungunyungu

Wapo wanaouliza kwa nini wasitumie nyungunyungu, ambao kila mvuvi anawajua na ambao hawagharimu kitu. Katika tangi kubwa lenye udongo wa kina cha sentimita 15 au zaidi, jibu ni kwamba wanaweza kutumika, na kazi yao ya kupitisha hewa chini haifanywi na kiumbe kingine yeyote. Katika tangi la kawaida, ambalo udongo wake una kina cha sentimita 6 na chini yake kuna kokoto za kupitishia maji, nyungunyungu huchimba mpaka chini, hushusha udongo ndani ya kokoto, na baada ya miezi michache tabaka la kokoto huwa tope lisilopitisha maji. Maji hutuama, hewa hukosekana, na harufu ya mayai yaliyooza hujitokeza.

Aina pia ina maana. Eisenia fetida, yule mwekundu anayesifiwa kwa kutengeneza mboji nje, hupenda nyuzi 15 hadi 25 na anaposhikwa hutoa majimaji ya manjano yenye harufu mbaya na protini inayodhuru seli za wanyama wenye uti wa mgongo; vyura wengi humtema. Eudrilus eugeniae wa Afrika ya Magharibi anapenda joto na hukua haraka, lakini usiku wa mvua hutoka na kutambaa kila upande, na ukubwa wake unaweza kung'oa mimea michanga. Nyungunyungu wa kwetu, wadogo wa kijivu, hawana kasoro hizo mbili, ila kasoro ya tope wanayo. Chura anayeishi kwa kuchimba, kama Hemisus marmoratus mwenye pua iliyochongoka, huwatafuta na kuwala, hivyo kwake yeye udongo wa kina wenye nyungunyungu ni mahali pa kula kama porini. Kwa wengine ningewaacha nje na kuwalisha vyura mmoja mmoja.

Wasiofaa

Jongoo ndiye anayependekezwa sana na watoto wa skuli kwa sababu ni rahisi kumkamata na anaonekana mpole. Jongoo wakubwa wa mashariki ya Afrika hutoa kwinoni kutoka ubavuni, majimaji yanayobabua na kuacha doa la kahawia kwenye kidole cha mtu. Ngozi ya chura haina ulinzi dhidi yake. Jongoo bapa wadogo hutoa sianidi, na tangi lililofungwa si mahali pa kutolea sianidi. Konokono na koa hula mimea, huacha utelezi kwenye kioo, na konokono mkubwa wa pwani yetu, Lissachatina fulica, anaweza kubeba mnyoo wa mapafu ya panya, Angiostrongylus cantonensis, ambaye huwapitia vyura na anaweza kumdhuru binadamu ubongoni. Watoto wanaosafisha tangi kwa mikono mitupu hawapaswi kuwekwa karibu na hatari hiyo. Mende wa udongoni hutafuna mizizi, na funza wa mbawakawa wa unga wana taya za kumtafuna chura aliyelala. Funza wa nzi chuma, wanaosifiwa kwa kumaliza taka za jikoni, hufanya kazi kwa kasi kubwa mno: huugeuza udongo kuwa uji wenye joto, na tangi la vyura halihitaji kasi hiyo.

Kile wanachokalia

Hakuna msafishaji atakayestawi katika matandiko yenye sumu, na visiwa vya viungo vina mitego yake hapa. Majani ya mkarafuu yamejaa yujenoli, kemikali ambayo mafuta yake hutumiwa kuwalaza samaki na vyura kabla ya upasuaji na ambayo huua wadudu. Yasiingie tangini hata yakiwa makavu, na anayeishi Pemba ahakikishe lundo la majani analochota haliko chini ya mkarafuu. Mwarobaini una kemikali inayozuia wadudu kujivua gamba, na kolembola na isopodi huishi kwa kujivua gamba maisha yao yote. Mdalasini, mchaichai na mkaratusi viachwe kwa sababu zinazofanana. Majani ya mkungu ni bora kuliko yote niyajuayo: mapana, yanaoza polepole, na tanini yake huzuia kuvu mbaya. Ya mwembe na mfenesi yanafuata.

Usumba una tatizo lake. Makumbi ya nazi kwetu huzikwa pwani kwa miezi mingi kabla ya kupigwa, na usumba unaotoka humo umejaa chumvi ya bahari, ambayo huwakausha kolembola na kumchoma chura. Ama litumike kumbi la shambani lisilofika pwani, ama usumba uloweshwe kwenye maji baridi na kubadilishwa mara nyingi mpaka maji yaonjwe na kukosa ladha. Maji ya visima vya uwandani nayo mara nyingine yana chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa ni salama zaidi kwa kunyunyizia.

Kumlinganisha msafishaji na chura

Kwa vyura wadogo wa matete, kama Hyperolius pusillus wa kijani anayepitisha mwanga, na kwa vyura wadogo wa madimbwi wa jenasi Phrynobatrachus, kolembola mchanganyiko wa kwetu wanatosha, na isopodi wadogo waongezwe tu tangi linapopita umri wa miezi mitatu na majani yakionekana kurundikana. Nitaje hapa kwamba Pemba ina Phrynobatrachus pakenhami, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Huyo si wa kutiwa tangini, na mfugaji wa Pemba anayekamata vyura wadogo bila kuwatambua anaweza kumchukua bila kujua. Kwa vyura wa miti wenye mwili mkubwa, kama Leptopelis flavomaculatus, ninapendelea kolembola pamoja na isopodi wadogo wachimbaji, kwa kuwa kinyesi chao ni kikubwa na tangi lao hulowa daima. Chura wa povu, Chiromantis xerampelina, ana hesabu ya pekee: hutoa asidi ya yuriki badala ya urea ili kuhifadhi maji, hupumzika juu penye jua, na tangi lake lina pembe moja tu yenye unyevu, kolembola waishi katika pembe hiyo na Porcellionides ashughulike na palipobaki. Kwa Sclerophrys nimekwisha kusema.

Kiasi cha kuanzia kwa tangi la sentimita 60 kwa 45 ni kopo moja lililojaa kolembola na isopodi wadogo 20 hadi 30, wakiachwa peke yao wiki nne hadi sita kabla ya chura kuingia. Haraka hapa hugharimu sana, kwa maana chura akiwakuta kabla hawajazaa atawala wote. Jiwe bapa la matumbawe na gome la mti viwekwe ili wawe na mahali ambapo ulimi wa chura haufiki.

Adui mkubwa wa makopo ya akiba, katika nyumba za Unguja na Pemba, ni sisimizi. Wakilipata kopo la kolembola usiku, asubuhi huwa tupu. Miguu ya meza iwekwe kwenye vikombe vya maji yenye sabuni, meza isiguse ukuta, na makopo mawili yahifadhiwe vyumba tofauti. Dawa ya kupuliza isitumiwe chumba hicho kabisa, wala udi wa mbu, kwa sababu kinachomuua sisimizi humuua kolembola kwanza na chura hukinyonya kwa ngozi.

Udongo unapobadilishwa, na mimea inapopunguzwa, kisimwagwe chochote bustanini kikiwa kibichi, hata kama viumbe vyote viliokotwa hapa hapa. Utandazwe juu ya bati au sakafu ya saruji kwenye jua kali la siku mbili kamili, ugeuzwe mara kwa mara mpaka ukauke hadi chini, na wakati wa masika, jua likiwa haba, umwagiwe maji yanayochemka. Baada ya hapo unafaa kwa migomba.